Sikio Langu na Tarumbeta za Kanisa

Mururu, Rusizi
Jumatano, mvua imekatika sasa hivi

Papa wangu mpendwa,

Jambo sana kwako na kwa wote mlio hapo Kalemie. Mguu wako unaendeleaje? Ule uvimbe umeshuka, au bado unavaa kiatu upande mmoja na sandali upande mwingine? Na Maman, anapata usingizi siku hizi? Huku mvua inanyesha kila mchana, na njia ya kushukia Kamembe inateleza kama sabuni. Mimi ninakula, ninatembea, ninaamka kwa miguu yangu. Nimetaka uanze na hayo, ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa.

Papa, ninaogopa. Hii ni wiki ya pili.

Mwaka jana ulipokuja nilikuonyesha bafle mpya za kanisa, spika zile kubwa: chini masanduku ya besi, juu yake tarumbeta nyeusi zenye mdomo mpana, na nyuma ya kila tarumbeta twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, nzito kama jiwe. Wewe ulizoea filtre, kile kigawa sauti cha koili, kilichofungwa ndani ya bafle yenyewe. Huku sauti tunaigawa mapema, kabla haijafika kwenye ampli ya kuikuza. Filtre yenye umeme wake inaikata, besi zinakwenda kwa ampli yake na sauti nyembamba kwa ampli yake. Ulifurahi kuona mahubiri yanafika safi mpaka benchi la mwisho. Lakini uliufuata waya kwa kidole, ukauliza, "Na hii twita, nani anaichunga?" Maana imeunganishwa na ampli moja kwa moja, hakuna kitu katikati. Siku ile tuliunga pamoja kondensa moja kwenye kila waya, ili mshindo mzito usipite.

Nilizitoa, Papa. Nilisoma kwenye simu kwamba fundi anayejua filtre ya namna hii hazihitaji, na kwamba bila hizo sauti inakuwa nyororo zaidi. Nikajiona mimi ndiye fundi huyo. Kwaya ya Nkanka ilikuwa inakuja Jumapili na nilitaka wasikie kitu ambacho hawajawahi kusikia.

Alhamisi mchana nilikuwa nikijaribu mitambo na Fidèle, yule mpiga kinanda wetu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Bugarama. Umeme ukakatika. Sikuzima ampli. Nilijisemea utarudi sasa hivi, nikapanda kwenye kiti nikaze skrubu ya tarumbeta, kichwa changu kikiwa ndani ya mdomo wake kabisa. Umeme ukarudi. Filtre ilipowaka ilitema mshindo, ampli ikaupokea ukiwa mzima na kuusukuma ndani ya twita.

Siwezi kusema nilisikia. Ilikuwa kama kofi lililoingia mpaka katikati ya kichwa. Nilijikuta chini, kiti kimenilalia miguuni, na midomo ya Fidèle inacheza bila sauti. Baadaye maneno yake yakaanza kuja, ya upande mmoja tu.

"Aline! Uko muzima? Unanisikia?"

"Niko muzima," nikamwambia. "Nimeteleza tu."

Sikio la kushoto lilikuwa kama limejaa pamba, na ndani yake filimbi nyembamba inayolia bila kupumua. Nilificha. Mimi kazi yangu ni masikio, Papa. Nani atamwacha fundi wa sauti aliye nusu kiziwi akae kwenye mitambo? Twita ile ilikuwa imekufa, nikaibadilisha na ya akiba, kondensa sikurudisha. Nilifanya hata hilo kwa woga, nikiogopa Fidèle ataniuliza zilikuwa za nini.

Jumapili kanisa lilijaa. Kwaya ya Nkanka ikaanza, na kwangu sauti zao zilikuwa butu, kana kwamba wanaimba ndani ya blanketi. Nikaongeza sauti nyembamba. Bado butu. Nikaongeza tena. Niliona watu wa mbele wanafunika masikio, nikafikiri wanashangilia, wanashika vichwa kwa furaha. Papa, nilifikiri hivyo kweli.

Halafu mkono ukanishika bega. Alikuwa Maman Veneranda, yule mzee anayekaa benchi la kwanza. Alikuwa amesimama kushoto kwangu, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa ameniita mara nyingi.

"Mutoto wangu, hizi tarumbeta zako zinatuchoma! Ule mama wa mapacha ametoka mbio, batoto banalia. Wewe hausikie?"

Nilishusha sauti nyembamba yote mpaka chini. Nikatazama nje kwa dirisha. Yule mama alikuwa ameinama chini ya mvua, amewafunika wanawe masikio kwa kitenge. Walikuwa wamekaa mbele ya tarumbeta moja kwa moja. Sikio langu nililivunja mwenyewe, lakini wale watoto hata kutembea bado.

Ibada ilipokwisha nilimwendea mchungaji, nikamwambia yote, kondensa na kiti na filimbi.

"Kwa nini haukusema Alhamisi?"

"Niliogopa mutanifukuza."

Kisha akasema, "Aline, wewe uliogopa kufukuzwa. Sasa mimi naogopa kitu kingine. Twende kwa ule mama."

Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Tulikwenda wote watatu, Fidèle pia, tukawapeleka watoto kituo cha afya. Muuguzi alitikisa funguo nyuma ya mmoja, mtoto akageuka. Akatikisa nyuma ya mwingine. Yule hakugeuka. Papa, sijawahi kuomba kama nilivyoomba pale. Akatikisa tena, na mtoto akageuka huku anapiga miayo, alikuwa na usingizi tu. Nililia mbele ya mama yao, na yeye akanipa mgongo. Ana haki.

Mimi daktari wa Kamembe alinipima. Anasema ndani ya sikio kuna kilichoumia. Kidogo kinaweza kurudi, kingine hakitarudi. Amenipa dawa na kunikataza makelele. Kondensa nimezirudisha. Nimemfundisha Fidèle: ampli ziwashwe mwisho, zizimwe kwanza, na umeme ukikatika zizimwe palepale kabla ya kugusa kingine. Sasa yeye ndiye anakaa kwenye mitambo. Jana aliniuliza, "Sauti nyembamba niweke hapa ao chini kidogo?" Nikamwambia amuulize Maman Veneranda.

Mchungaji hajasema kama nitarudi kwenye kiti changu. Sijamuuliza.

Nisalimie Maman, na dada mkubwa na mume wake, na shangazi anayeuza dagaa sokoni. Maman mwambie polepole, baada ya kula, na umwambie wewe mwenyewe.

Leo asubuhi nilichukua simu nikasikiliza ujumbe wako wa sauti, ule wa kunitakia heri ya kuzaliwa. Niliuweka sikio la kushoto kwa makusudi. Nilisikia kwamba ni mwanaume anaongea. Sikujua kwamba ni wewe.

Binti yako,
Aline