Kwa Bwana Sogea na Chumba Chake cha Nyuma

Mwaka umekatika, mpendwa wetu, tangu moyo wako ulipogoma. Watu walituambia mwaka ukipita tutapata nafuu. Walituongopea, ila hatuwalaumu. Walikuwa wanatafuta la kusema.

Mtaani bado wanakuita Bwana Sogea. Jina ulilipata kihalali. Kila aliyechungulia chumba chako cha nyuma ulimwambia, "Sogea huko, una joto." Humo ulitundika mizani yako ndani ya sanduku la kioo: ufito mwembamba unaoning'inia kwa waya kama unywele, gololi mbili kwenye ncha zake, na kando yake matufe mawili mazito. Ulisema kila kitu duniani kinavuta kingine, hata tufe na gololi, nawe ulitaka kulipima vuto hilo. Ulimulika kijioo cha ufito kwa taa ndogo, na kidoa cha mwanga kikisogea kidogo tu ukutani, ulifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ujana wako uliishia humo. Ukapata jibu kubwa, likapigiwa makofi. Halafu ukagundua kwamba sehemu kubwa ya vuto lile ilikuwa joto lako mwenyewe: ulikuwa ukiinama pale kusoma, hewa inapata moto, inausukuma ufito. Hakuna mwingine aliyejua. Ulisimama mbele ya walewale waliopiga makofi ukasema, "Jamani, nilichopima ni mimi."

Uliporudi nyumbani mkeo akakuuliza, "Sasa tutakula nini?"

"Joto," ukamjibu. "Limenifukuza kazi, na linipe nyingine."

Likakupa. Miaka yote iliyobaki ulilifuatilia linavyopita kwenye kuta, mabomba na sufuria. Mafundi wa majokofu walikuja kukuuliza, wanafunzi waliofeli ukawakalisha kwenye korido mpaka waelewe, chai yako ikipoa mkononi. Ukifika kwa mtu ulikuwa unagusa ukuta kwa mgongo wa kiganja kabla hujasalimia. Dada yako alikuwa akikuchokoza, "Wenye nyumba tuko huku, huo ni ukuta."

Lakini mizani hukuitungua. Ukitoka kazini uliingia kuitazama. "Ipo siku nitalipata vuto tupu, bila joto la mtu," ulisema. Siku hiyo haikufika.

Ukatuachia chumba. Magoti ya mama yako yamekwisha, ngazi hapandi tena. Miezi mingi alilala kwenye kochi la sebuleni, akiamka mgongo umekuwa ubao. Chumba pekee cha chini ni kile chako, na mkeo alishindwa kukifungua. Akipita mlangoni alinyata, kana kwamba bado uko ndani unasoma. Sisi wengine tulisema, tukagombana, tukanyamaza. Kuchoka kwenyewe ndiko huku: mzazi anaumia kwenye kochi, na hakuna mwenye uso wa kumwambia mjane atoe ufunguo.

Mwishowe mama yako alimwita mwenyewe.

"Mke wa mwanangu, huyu bwana alinitoa mle maisha yake yote eti nina joto. Nilikuwa nasogea kwa sababu ni yeye aliyesema. Sasa niacheni niingie na joto langu."

Mkeo akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu tukuzike.

"Na mizani je, mama?"

"Iache. Yenyewe ndiyo mwenyeji, mimi ndiye mgeni."

Kitanda kikaingia, mizani ikabaki palepale. Mchana, mama yako akijipumzisha, mkeo hushusha pazia na kuwasha ile taa yako ndogo. Mama akigeukia upande wa sanduku, baada ya muda kidoa cha mwanga kinaanza kusogea ukutani, polepole. Wewe ungesema hilo ni kosa, ukaanza upya. Mkeo hamwambii mtu asogee. Anavuta kiti, na yeye anakaa karibu.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye sasa analala vizuri, mkeo, binti yako na mumewe, dada yako, ambaye hana tena wa kumchokoza, mafundi wako, na wanafunzi wako wote wa kwenye korido.

Hatutakusahau, Bwana Sogea. Ila kusogea, hatusogei tena.