Asali Iliyorinwa Mapema

Dada yangu mpendwa Yustina,

Nimetoka ibadani sasa hivi, hata kitenge sijabadili. Nimekaa hapa uani kwangu Kawajense nakuandikia wewe, na kinyaa nilichonacho ni kama cha mtu aliyekuta unywele kwenye mboga akiwa ameshakula nusu sahani. Barua hii naiacha wazi, mwenye macho aisome, maana waliyokufanyia hawakuyafanya sirini.

Alhamisi Mzee Nashoni alikuja nyumbani. Yule yule mzee wa kanisa aliyelisoma jina lako mbele ya watu. Alikuja na bodaboda, ameshika ndoo mbili tupu. Nitakuambia alichotaka, ila wacha nianze mbali kidogo, kwa sababu hawa wengine wanaosoma hawakukujua.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka Ugalla kwenye mizinga yako? Nilijifunga vitenge mpaka puani, nyuki mmoja akanigusa sikio, nikakimbia nikaacha na kandambili porini. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Rudi, Mama Neema. Nyuki keshakuona mwoga, hana shida na wewe." Nikarudi. Ukanionyesha sega moja, upande huu limezibwa kwa nta nyeupe, upande ule liko wazi linang'aa. Ukaniambia hii iliyozibwa ndiyo asali, ile nyingine bado ina maji, ukiirina leo itachacha. "Nyuki ndiye anajua kama imeiva. Akishajua anaziba. Sisi kazi yetu kusubiri."

Ndiyo maana mwaka ule Mzee Nashoni alipokufuata mvua bado zinanyesha, akitaka ndoo ya asali ya kumpa mgeni mkubwa wa kanisa, ulimkatalia. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua maharage pale mlangoni kwako.

"Mzee, bado. Nyuki hawajaziba."

"Kazi ya Bwana haisubiri nyuki, Yustina."

"Itachacha, mzee wangu."

"Wewe rina. Mengine niachie mimi."

Ukarina, kwa heshima tu. Ukampelekea, ukamwambia tena aitumie haraka. Mgeni naye akachelewa, barabara ilikuwa imekatika, na ndoo ikakaa kwenye stoo ya kanisa, chini ya bati, kwenye lile joto. Siku mgeni alipofika, ikafunguliwa mbele ya watu wote. Povu likapanda likamwagika mezani, na harufu ikajaa kanisa zima. Kila mtu aliijua, hata wanaojifanya hawaijui. Ilikuwa harufu ya wanzuki, ile pombe ya asali.

Hapo ndipo nilipotegemea Mzee Nashoni aseme neno moja tu: mimi ndiye niliyemharakisha. Alikohoa. Akapangusa viatu vyake kwa kitambaa. Kisha akasema kumbe ndivyo tulivyo, tunaleta pombe madhabahuni.

Wakakuita kwenye kikao cha wazee. Nilipojaribu kukusemea niliambiwa, "Kaa chini, mama." Mmoja alikuuliza unawauzia akina nani hiyo pombe. Wakakutenga: usishiriki Meza ya Bwana, usiimbe kwaya, ukae benchi la mlangoni mpaka utubu mbele ya kanisa. Na wewe ukawajibu kwa upole ule ule wa kuongea na nyuki. Ulisema utatubu dhambi zako zote, wanazozijua na wasizozijua, lakini hii huwezi, utakuwa unamdanganya Mungu.

Ukakaa kwenye lile benchi. Mvua ikipiga inakulowesha, jua likitoka linakuchoma, na watu wanapita mbele yako wakienda kushiriki. Wapo waliokuwa wanavuta nguo zao zisikuguse. Nikiwaza hilo natema mate chini. Ni watu hawa hawa waliokuwa wanakuja kwako na chupa kuomba asali, kikohozi kikiwashika.

Kisha presha ikakuchukua, mahindi hayajakauka shambani. Kengele haikupigwa. Mchungaji tukaambiwa ana safari. Jeneza lako liko uani, watu tunatazamana, na Baba Hamisi wa duka la kona, aliyefunga duka lake na kutuletea turubai na sukari, akanisogelea akaniuliza taratibu, "Mama Neema, mnamsubiri nani?" Akasema, "Basi omba wewe. Ndugu yake si ndiyo wewe?" Nikaomba. Yule Mwislamu akasimama pembeni, kofia mkononi, mpaka nikamaliza. Mzee Nashoni alitokea siku ya kuanua matanga. Alikula wali, akaomba aongezewe mchuzi.

Sasa hiyo Alhamisi. Alikaa kwenye kile kiti chako cha kamba, akapewa maji, akanywa. Akasema ibada ya mavuno imekaribia, na kwenye mnada watu wanaigombania asali ya mizinga ya Yustina. Halafu akashusha sauti. Wazee wamekaa, wameona marehemu anaweza kusamehewa. Jina lako litasomwa, kengele itapigwa. Mimi nilete tu ndoo mbili, iwe kama shukrani.

Dada, hebu sikia hayo. Asali ambayo kwao ilikuwa pombe ulipokuwa hai, leo umekufa imekuwa sadaka.

Lakini nisikufiche, kengele ile niliitaka. Unamjua mama. Tangu tukuzike, kila Jumapili nikirudi ananiuliza kabla hata sijavua viatu, "Yustina wameshamrudisha?" Nasema bado. Anageukia ukutani. Nikawaza, ndoo mbili ni kitu gani, nimpe mzee wa watu, mama yangu alale.

Nikamwambia Mzee Nashoni nitamjibu Jumapili. Siku hizo zote nimewaza habari ya hukumu, na shule yangu ndogo hii. Sisemi kanisa lisikemee. Mwizi aambiwe wewe mwizi. Lakini Bwana Yesu alipoeleza habari ya magugu yaliyoota kwenye ngano, alisema viachwe vikue pamoja mpaka mavuno, na wavunaji watakuwa malaika. Mzee Nashoni namfahamu tangu anauza mafuta ya taa. Si malaika. Hukumu ya Mungu naiogopa sana, ila ndiyo hiyo hiyo ninayoitegemea, maana huyo atakayehukumu aliiona mvua, aliliona sega liko wazi, aliisikia sauti iliyosema wewe rina. Nyie wazee mnaosoma hapa, mlinusa ndoo tu.

Jana jioni nikamweleza mama yote. Nilidhani atasema peleka. Aliparuza fimbo yake chini. Halafu akaniuliza, "Mizinga umeenda kuiangalia?"

"Nimeenda, mama. Mingi bado haijazibwa."

"Basi si ungemwambia bado?"

"Na kengele, mama?"

"Anasamehewa kosa gani? Mwanangu hakupika pombe."

Leo asubuhi akataka nguo yake nyeupe, ile uliyomshonea wewe. Tulitembea polepole, nimemshika mkono. Mlangoni Mzee Nashoni alikuwa anapokea watu, akatabasamu, macho yake yakatafuta ndoo. Mama ndiye aliyemjibu, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, kanisa zima likageuka: "Nyuki hawajaziba, baba."

Tabasamu likamkauka. Akatuonyesha viti vya mbele, mama ni mzee, apite akae. Mama akasema hapa panatosha, akakaa kwenye benchi la mlangoni. Nami nikakaa.

Meza ya Bwana ilipofika hatukunyanyuka. Watu wakapita mbele yetu, wengine wanatazama chini. Kinyaa changu hakijaisha, dada, nakuomba uniombee, sitaki kukizoea. Ila leo nimerudi nyumbani, nimemvua mama viatu, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza lile swali. Amelala humo ndani sasa, anakoroma.

Mizinga yako naiangalia. Wewe pumzika kwake yeye aliyeona.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
niliyeacha kandambili Ugalla.