Vitabu Sita, na Wewe Hupo

Mama yangu mpendwa, uliyemzaa mume wangu kisha ukanilea na mimi,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo na kalamu hewani, nikingoja ile marahaba yako ya kuvuta, marahabaaa mwanangu, umeamkaje. Nimesikia kuku na redio ya jirani. Basi naendelea.

Orodha imetoka, Mama. Ile ya tuzo ya riwaya, tuliyokuwa tunaingoja kila mwaka wewe na mimi kama wenzetu wanavyongoja mnada wa korosho. Mwalimu wa kwaya ameirusha kwenye kundi la simu. Vitabu sita vimeteuliwa. Niliisoma nikiwa jikoni nimesimama, ugali unashika sufuria, na nilipomaliza jina la sita niligeuka nikuambie. Niligeuka kabisa, na mwiko mkononi. Kiti chako kipo palepale karibu na mlango. Tumaini ameweka begi lake la shule juu yake.

Wengine watakaoisoma barua hii hawakukufahamu. Nawaambia tu kwamba ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ulifundisha Newala mpaka ukastaafu, ukajenga nyumba hapa Mkomaindo, Masasi, na macho yako yakaanza kuondoka kabla yako wewe. Hospitali ya Ndanda walitueleza kuwa ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Tulirudi Masasi. Mimi nilikuwa mgeni kwako wakati ule, nimekuja na mimba, kidato cha pili nimekiacha katikati, naona aibu hata kupita sebuleni. Jioni ile ukaniita.

"Mama Tumaini, njoo unisomee hapa."

Tumaini alikuwa hajazaliwa, lakini jina ulishampa.

"Mama, mimi kusoma nimeshasahau."

"Umesahau? Mbona nikikutuma amira dukani huniletei magadi? Pakiti unaisoma vizuri. Kaa chini."

Nikakaa. Nilisoma ukurasa mmoja kwa muda ambao mtu angepika maharage yakaiva. Wewe ulifumba macho, na kila nilipoharakisha ulinigonga goti kwa kidole. "Pumua hapo, hiyo ni nukta. Unakimbizwa na nani?" Nilitaka kulia, nikacheka. Sijui ni wangapi wamerudishwa darasani wakiwa wamekaa jamvini na mimba ya miezi saba, ila mimi ni mmoja wao.

Na mambo ya orodha ulinianzishia wewe. Kila mwaka ilipotoka, tulikaa uani tukibangua korosho za kula nyumbani, mikono tumeipaka majivu ili mafuta ya ganda yasituunguze. Mimi nilisoma jina la kitabu na yale maneno machache ya kukieleza. Wewe ulitoa maksi. Juu ya kumi, kama mtihani, na kitabu chenyewe hujakigusa.

"Mama, unasahihishaje karatasi ambayo hujaisoma?"

"Nimesahihisha tangu baba yake Tumaini hajui kunawa uso. Karatasi nyingine ukiishika tu unajua. Endelea. Nani anapika humo?"

"Hawajaandika."

"Basi nne. Watu wanaongea tu, hawali, watakufa njaa kabla ya ukurasa wa kumi."

Hivyo ndivyo tulivyochagua. Daftari lilikuwa na kurasa zilizogawanywa sehemu tatu, Tunasoma, Tunasubiri, na Hatusomi, na mwandiko wote ni wangu kwa sababu wewe ulikuwa huioni tena mistari. Uwezo wetu ulikuwa kitabu kimoja kwa mwaka, mwaka mzuri sana viwili, kwa hiyo kuingia kwenye Tunasoma haikuwa mchezo. Mume wangu alikuwa akipita anatucheka. "Wajumbe wa tuzo wamekaa," anasema, "kikao kinanuka korosho." Ulimfukuza kwa ganda.

Unakumbuka kile cha fundi saa? Nilijisahau nikakigeuza karatasi na mikono ileile ya kubangulia, mafuta ya ganda yakalamba kurasa za mwisho zikawa nyeusi. Mpaka leo hatujui kama yule fundi alirudi kwao. Ulinisonya, kisha ukakaa siku mbili ukitunga mwisho wako, na katika mwisho wako fundi alirudi, akamkuta mke ameshaolewa, akamtengenezea saa yule mume mpya. Nilikuambia hakuna mwanaume wa hivyo. Ukasema, "Ndiyo maana yupo kitabuni."

Nimezunguka sana, Mama. Ninachotaka kusema nakizungukia.

Ni kile cha tisa. Ulikuwa hujawahi kutoa tisa. Siku hiyo nilikusomea kuhusu mwanamke mpiga chapa aliyebaki peke yake kwenye nyumba ya ukoo, anaandika barua za kijiji kizima, na ulinyanyua mkono wenye majivu nikanyamaza. "Tisa," ukasema. "Hicho ndicho. Kesho nenda kwa Mzee Bakari." Nilikwenda. Mzee alikuwa nacho dukani kwake karibu na stendi, akanipa mkononi. Kilikuwa kizito kama tofali. Nilikifungua katikati nikaona herufi ndogo kama sisimizi wameziba ukurasa, hakuna hata mazungumzo ya kupumzikia. Nikajaribu sentensi moja kimoyomoyo, nikakwama mara tatu. Niliwaza nitakavyokaa mbele yako miezi na miezi nikijikwaa, na wewe unanigonga goti, na kitabu ulichokipa tisa nakiharibu mimi kwa kinywa changu. Nikakirudisha juu ya meza. Nikachukua kingine chembamba.

Nyumbani nikakuambia, "Mama, kimeisha."

"Kimeisha kabisa?"

"Kabisa."

Ulipapasa daftari ukanisogezea. Kisha ukasema, "Basi andika. Tunasubiri." Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi nzuri.

Mwaka uliofuata uliniuliza kama kimerudi, nikasema bado. Mwaka mwingine ukauliza tena, sauti ileile ya upole, na mimi nikajibu bado huku nampenga Tumaini kamasi ili nisikuangalie, kana kwamba ungeniona. Kisha yakaja maradhi. Wodini nilikuwa nakusomea kitabu kingine, chepesi, ulikuwa unalala kabla ya ukurasa kuisha. Ndugu zako walikuja kukuchukua, tukakuzika Mkunya kwenu kama ulivyotaka. Watu walisema mkwe amemlilia kama mama yake mzazi. Walisema vizuri tu, hawakujua kingine nilichokuwa nakililia.

Sasa orodha imetoka, na Tumaini, ambaye yuko darasa la tatu na anajua mambo yetu yote, ameniuliza, "Mama, tunachagua lini?" Nilikaa naye uani tukajaribu. Kuna kimoja cha mwanamke dereva wa lori la chumvi. Kuna cha ndugu wanaogombea mahali pa kumzika baba yao. Kuna cha dada wawili wanaomuuguza mama yao nyumba moja, na miaka mingi hawajasemeshana, wanatumana kupitia mgonjwa. Hicho nilipokisoma niliweka simu chini kwanza, nikaenda kumwagilia mchicha, nikarudi. Tumaini akasema, "Toa maksi basi." Nikatoa. Nilipoangalia daftari nimevipa vyote sita maksi saba. Mtoto akanitazama. "Bibi angekuambia unaogopa," akasema.

Nikaona hapana. Mwaka huu sichukui hata kimoja cha orodha. Nitakwenda kuchukua kile cha tisa, nikipeleke Mkunya, nikae pale ulipolala nikusomee, hata kama nitakwama kila mstari. Wazo hilo lilinipa nguvu kiasi kwamba nilifua nguo zote za nyumba asubuhi ile kabla ya kwenda mjini.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mkwe wa Mwalimu. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa."

"Leta orodha tuone. Mwaka huu nimejiandaa."

"Ninayo, ila leo nimefuata cha zamani." Nikamtajia.

Mzee Bakari akavua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena. "Kile kinene?"

"Hicho."

"Umechelewa, mama. Nilikuwekea miaka."

"Uliniwekea mimi?"

"Nani mwingine? Mwalimu alinipigia simu siku ileile. Wewe ndiyo kwanza umetoka hapa. Akaniuliza, kile kitabu kipo? Nikamwambia kipo, Mwalimu, mkweo alikuwa nacho mkononi sasa hivi, akakirudisha. Akanishukuru. Halafu akasema, kiweke pembeni. Usimwambie kitu. Atakuja mwenyewe siku akiweza."

Nikaikumbuka simu yako, Mama. Kale kasimu kako ka vitufe, ulikokuwa unakapapasa kwa vidole, ulikatumia mimi nikiwa bado barabarani.

"Kiko wapi sasa?"

"Kimekaa pale juu mpaka jalada limepauka. Niliposikia amefariki nikaona hakina mwenyewe tena. Kuna mwalimu wa sekondari alikipenda, akaondoka nacho. Simjui hata jina."

"Ukiniagizia kingine?"

"Nimeshaulizia Dar. Hakichapwi tena."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya duka, watu wakinipita na mizigo yao. Kwa hiyo ulijua. Tangu siku ya kwanza ulijua. Miaka yote uliyoniuliza kama kimerudi ulikuwa unanifungulia mlango, na mimi kila mwaka naufunga tena kwa neno moja, bado. Ulishindwa nini kunigombeza? Ulikuwa unamgombeza hata mchungaji. Nilikasirika kidogo, nisikufiche. Nilitamani ungenigonga goti ukaniambia, Mama Tumaini, unanidanganya, nenda kakilete. Ningelia, ningekwenda, ningekileta, na tungekuwa tumekimaliza. Wewe ukaamua kunisubiri. Na mimi nilidhani muda tunao.

Mzee alinifuata pale nje na kikombe cha maji. Hakusema kitu cha maana, alisema jua ni kali. Nikanywa. Kisha akauliza, "Hiyo orodha ya sasa, nikusaidie kuchagua? Kile cha dereva ninacho ndani. Chembamba, herufi kubwa, wiki moja umemaliza."

Nikamuuliza kile cha dada wawili kikoje.

"Ah, hicho hakijafika. Ila najua ni kinene. Kinene kuliko hata kile."

Nilifungua daftari palepale juu ya paja. Nikafuta ile saba. Nimeandika nane, Mama. Sijui wewe ungekipa ngapi, na imeniuma kutojua, lakini nane ni yangu, nimeitoa mwenyewe kwa sababu nawataka wale dada, nataka kujua nani atafungua kinywa kwanza, na kama mama yao atakuwa bado anasikia. Nimekiandika kwenye Tunasoma. Kile cha tisa nimekiacha kwenye Tunasubiri. Nilishika ufutio nikashindwa.

Mzee akachukua kitabu chake cha oda. "Nikuandikie kwa jina la Mwalimu, kama siku zote?"

"Hapana. Andika langu."

"Mama Tumaini?"

"Hilo litatosha."

Sikuwahi kukuomba radhi ulipokuwa hai. Nilikuomba radhi kwa vikombe nilivyovunja, kwa chumvi iliyozidi, kwa kuchelewa kanisani, mambo ambayo ulikuwa umeshayasahau. Hili sikulisema, nikaona nikilisema nitaonekana sijasoma. Sasa nalisema mbele ya watu. Nilikudanganya kuhusu kitabu chako, nikakunyima kitu ulichokitaka, kwa aibu ya herufi ndogo. Naomba radhi, Mama. Najua mtu huombwa radhi akiwa anaweza kuitikia, na wewe huwezi, na hilo ndilo nitakaloishi nalo.

Mizigo ya Dar inafika Alhamisi. Nimeshamwambia Tumaini kuwa jioni zetu zitakuwa ndefu na asinicheke nikijikwaa, akasema atacheka kidogo tu. Nitakwenda kukipokea mwenyewe. Sitakifungua dukani. Herufi ziwe kubwa, ziwe ndogo, nitarudi nacho nyumbani.

Pumzika, Mama, huko kwenu kwenye baridi ya Mkunya. Mwanao mzima, mjukuu wako mzima, nyumba imesimama.

Mkweo,
Mama Tumaini