Kimbunga Kwenye Bustani ya Kiboko

Bustani ya Kiboko,
Dar es Salaam.
3 Desemba 1997

Mama yangu Theodosia,

Shikamoo mama. Umeamkaje huko Ruhuwiko, na miguu inasemaje tangu mvua zianze? Sisi huku ni wazima, Agape anakula mpaka naona aibu, ni mimi tu kifua kinaniuma, nitakueleza.

Mama, ile bahati nasibu ya sabuni ilikuwa kweli! Wale wote waliosema karatasi kumi za sabuni haziwezi kumpeleka mtu Dar, waambie naandika barua hii nimelala kwenye kiti, mchana, bila kuumwa. Kuna kiboko wa saruji mkubwa kama kanisa la kigango chetu. Watoto wanapanda ngazi mgongoni kwake, wanateleza na maji tumboni, wanatokea mdomoni wanapiga kelele. Agape mara ya kwanza alitoka analia, mara ya pili anacheka, ya tisa nikaacha kuhesabu. Anasema akiwa mkubwa ataolewa na huyo kiboko.

Sasa la mwanangu Fulgence. Najua barua ya zawadi ilisema mama na mtoto mmoja tu wa kuanzia miaka mitano, na wewe mwenyewe ndiye uliyenisukuma, "nenda, siku nne ni nini?" Lakini mama, kila mtoto wa mtu akilia, maziwa yanatoka yenyewe, gauni linalowa mbele za watu. Miezi saba bado mdogo. Tafadhali usimzoeshe kikombe sana. Nataka nikirudi Jumapili anyonye kama nilivyomwacha. Hilo tu ndilo linalonitia hofu, mengine yote ni raha tupu.

Dereva wa hoteli ataipeleka hii stendi kwa Gaspari, yule kondakta jirani yetu wa Lizaboni. Nijibu kwa mkono wake huyohuyo.

Mwanao akupendaye,
Eufrasia, Mama Agape


Ruhuwiko, Songea.
5 Desemba 1997

Kwako mwanangu Frasia,

Marahaba. Miguu haijambo, wa kushoto unalalamika, wa kulia unaniambia twende shamba. Gaspari ameleta barua yako hata chai hajanywa, gari lao linageuza leo hii.

Mume wangu Fulgence mzima. Jioni ya kwanza macho yalikuwa mlangoni, kila anayeingia anamkagua halafu anavunjika moyo. Namlisha uji wa ulezi na maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Nusu anameza, nusu ananitemea. Ndoa ndivyo zilivyo.

Sasa sikiliza mambo ya kifua. Kamua asubuhi na jioni, kila siku, usiruke. Usipokamua yatakauka. Na yaliyolala kifuani usifikirie kuja kumpa mtoto, yamechacha hayo, atahara. Yamwage penye majani mabichi, usimwage njiani watu wakayakanyaga, mtoto atakonda. Na huyo kiboko wako usiingie tumboni mwake, baridi itakufunga maziwa. Mwache Agape aliwe peke yake.

Mwalimu wetu wa ngumbaru, kile kisomo cha watu wazima, alitufundisha barua isizidi ukurasa mmoja. Ukurasa umeisha.

Mimi mama yako,
Theodosia


Ruhuwiko.
9 Desemba 1997

Frasia mwanangu,

Mko wapi? Hamjambo lakini? Jumapili nilimvika mtoto kofia, nikampeleka stendi kukupokea. Basi halikuja. Jumatatu halikuja. Redio inasema kimbunga na mvua vimepiga pwani, mapaa yameng'oka, barabara imekatwa na maji. Gaspari yuko hapahapa Songea, gari lao limezuiwa kutoka, anazunguka stendi kama kuku aliyenyeshewa.

Redio ikitaja Dar mimi nasikia jina lako na la Agape. Nimesali rozari mara nyingi mpaka Fulgence ameipenda, anaitia mdomoni.

Barua hii nampa dereva wa lori la mahindi, anasema anazijua njia za zamani. Andika hata neno moja. Mtoto amekubali kikombe. Sikupanga mimi, ameona njaa.

Mama yako


Bustani ya Kiboko.
10 Desemba 1997

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Hatujafa! Hata kukwaruzwa hatukukwaruzwa, isipokuwa Agape amepoteza kiatu cha kushoto. Najua mmesikia redioni na najua hukula vizuri. Kula sasa, halafu usome.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana. Agape yuko juu mgongoni kwa kiboko anasubiri zamu yake, mbingu ikawa nyeusi kama chungu cha pombe. Meneja, anaitwa Rupert, mtu mnene mwenye kaptula, akapiga filimbi akikimbia: "Bwaloni! Wote bwaloni! Acha taulo mama, taulo tutanunua nyingine!" Bwalo ndilo peke yake lenye paa la zege. Tukaingia watu kama sitini, wengine na nguo za kuogelea, wengine na sahani mkononi. Mara upepo ukafika. Mama, unaujua mlio wa mashine ya kukoboa mahindi pale Lizaboni? Weka mashine kama hizo ishirini juu ya paa. Wanaume wakaegemeza magodoro na meza madirishani, wakayasukuma kwa migongo. Mimi nilimfunika Agape kwa mwili wangu chini ya meza, nikawa nasali, yeye ananiuliza, "Mama, kiboko naye ataingia wapi?"

Asubuhi tukachungulia. Paa la makuti la baa limeruka lote, limetua kichwani kwa kiboko, amekuwa kama bibi aliyevaa kofia kwenda harusini. Boti za plastiki ziko juu ya miti. Na maji kila upande, geti halionekani. Mzee mmoja akasema, "Tumelipa kuja kucheza na maji, sasa maji yamekuja kucheza na sisi." Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo tajiri na maskini tunalala sakafu moja, tunakula wali na maharage, na Agape amewafundisha watoto wa wakubwa kucheza mdako kwa vifuniko vya soda.

Sasa nina jambo la kukuungamia.

Kuna mwanamke wa Tunduru, mtu wa mkoa wetu kabisa, anaitwa Somoe, mume wake anauza vipuri Kariakoo. Ana mtoto wa miezi mitano, Majaliwa. Alijifungua kwa kupasuliwa, akaumwa sana, maziwa hayakutoka, mtoto ni wa maziwa ya kopo. Makopo yalikuwa kwenye kibanda chao, na kibanda kimeondoka na upepo. Jumatatu kopo moja alilokuwa nalo likaisha. Wakampa maji ya sukari. Mtoto analia, kila mtu anatazama ukutani.

Mimi nimewapa watu mgongo, nakamua kwenye kikombe kama ulivyoniagiza, niende nikamwage kwenye chungu cha maua, maana majani mengine yote yako chini ya maji. Agape akapaza sauti bwalo zima lisikie: "Mama, kila siku unawapa maua, si umpe na huyo?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Somoe akaja na mtoto, akakaa mbele yangu, akasema polepole, "Mama Agape, maziwa hayana dini, lakini yana udugu. Ukimnyonyesha akashiba leo na kesho, kwetu sisi huyu ni mwanao. Hawezi kuoa nyumbani kwako mpaka kufa kwake. Umekubali?"

Kabla sijajibu Agape akadakia, "Mimi hata simtaki, anatoa udenda!" Bwalo likalipuka. Somoe alicheka huku machozi yanamtoka.

Nikampokea. Mama, alivuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani! Akalala na mkono wake kifuani kwangu. Nywele zake zina harufu kama za Fulgence, hapo ndipo na mimi nikalia kidogo. Sasa ananyonya mara sita kwa siku. Je, nimekosa? Nimegawa haki ya mwanangu? Niambie ukweli.

Rupert anasema chakula ni bure mpaka barabara ifunguke. Hajui lini. Mbusu Fulgence, mwambie mama yake yupo.

Mwanao,
Eufrasia


Ruhuwiko.
15 Desemba 1997

Mwanangu Frasia,

Marahaba zote mbili. Mungu ni mwema. Yule dereva wa lori amerudi jana na barua yako. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nilimsomea jirani yetu Adela, akaanguka kwa kicheko na ungo wake wa mchele.

Nilitaka nikukaripie. Sisi tuliambiwa maziwa ya mtoto hayagawiwi. Nikakaa, nikafikiri: majani ya hoteli ni ndugu zetu? Kama kumwaga si dhambi, kumpa mtoto mwenye njaa itakuwaje dhambi? Hukukosa. Mnyonyeshe huyo Majaliwa mpaka siku ya kuondoka, ndiye anayekutunzia kisima. Mkamuo wa mkono haufiki popote mbele ya mdomo wa mtoto.

Na mimi nina la kuungama, usicheke. Siku ile redio iliposema kimbunga, Fulgence alilia kutwa nzima, kikombe hataki, mgongo hataki, wimbo hataki. Nikampa langu. Halina kitu, lina miaka ishirini na mitatu halijafanya kazi, tangu wewe uliache. Akalishika, akanyamaza. Basi imekuwa ndiyo desturi: anakunywa kikombe chake cha maziwa ya mbuzi, akimaliza anakuja kwangu kujiliwaza. Adela ananiita mzazi mpya, ananiuliza kama nimeanza kula mtori wa wazazi.

Nilikuwa nacheka nao. Juzi nimeacha kucheka. Alikuja mama kijana wa Jumuiya yetu ya kanisa, ananyonyesha, nikamwomba amjaribu mtoto kwenye kifua chenye maziwa. Fulgence alikitazama, akageuza uso, akaninyooshea mimi mikono. Nimewalea saba, naujua uso ule. Mtoto akisahau, anasahau kabisa.

Mimi ndiye niliyesema siku nne ni nini. Njoo mwanangu. Barabara ikifunguka hata nusu, njoo.

Mama yako


Bustani ya Kiboko.
18 Desemba 1997

Mama,

Shikamoo. Nimezipata barua zako mbili pamoja, ile ya kwanza mlinzi wa geti aliipokea alipompa dereva wa lori yangu, akaisahau mpaka ikalowa. Nimecheka na kulia kwenye ukurasa mmoja, Somoe akadhani kuna msiba.

Barabara imefunguliwa, magari yanapita moja moja. Tunapanda basi kesho alfajiri, tutalala njiani, Jumamosi mchana tuko Songea. Somoe naye amepata makopo. Leo Majaliwa amemnyonya mama yake wa pili mara ya mwisho, akaniuma vidole kwa kunikatalia nisimshushe. Somoe amefunga zawadi ya kanzu mbili ndogo zinazofanana, moja ya Majaliwa, moja ya kaka yake wa Songea. Agape ameagana na kiboko, amemwambia ndoa bado ipo.

Maziwa ninayo mengi, mama, yanatosha watoto wawili. Ila je, na mimi akinigeuzia uso kama alivyomgeuzia yule? Nifanyeje? Wewe unajua. Barua hii inatangulia na lori la usiku huu, utaniambia nikifika.

Mwanao Frasia


Ruhuwiko.
20 Desemba 1997, asubuhi

Frasia,

Karibu nyumbani. Pole na safari. Ufunguo na mtoto viko kwa Adela.

Nimekwenda Peramiho kwa dada yako Lidwina. Usinifuate. Nikiwepo, atalia aje kwangu, na mimi nikimsikia nitampa. Najijua, moyo sina.

Makande yako kwenye chungu. Usimkimbilie na titi. Usimwonyeshe kwamba wewe ndiye unayelitaka. Kaa, fanya kazi zako, vaa kanga yangu ya njano, sijaifua kwa makusudi. Akilia sana mpe kikombe, usimtese. Lakini siku tatu zikipita hajalitaka, basi ameacha, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Agape apewe mayai yaliyo kwenye kapu. Na mwambie mume wangu sikumkimbia.

Mama


Ruhuwiko.
22 Desemba 1997

Mama yangu,

Shikamoo, na dada Lidwina umsalimie. Adela ana mgeni anayekwenda Peramiho sasa hivi, anasubiri mlangoni na mwavuli, kwa hiyo naandika mbiombio.

Jumamosi Fulgence alinitazama kama mtu aliyemkuta mgeni kwenye kiti chake. Agape alimchekea, akabebwa na Agape, mimi hapana. Akajiburuta mpaka mlango wa chumba chako, akaupiga kwa kiganja, akalia. Nilimpa kikombe kama ulivyosema. Jana Jumapili hivyohivyo. Nilikwenda uani nikakamua kwenye migomba, nikalia, Adela akaniambia, "Acha, mwanamke, utaikosesha ndizi ladha."

Leo mchana mvua inapiga bati, nimekaa chini nachambua maharage, nimevaa kanga yako. Fulgence akaja akitambaa, akachukua harage akatia mdomoni. Nikamtoa. Akakasirika, akapiga kelele, akajitupa pajani kwangu kununa. Mimi nikaendelea kuchambua. Kidogo nikahisi anavuta kanga. Akaivuta, akaivuta, akalipata mwenyewe, akalishika kwa uvivu, kama kitu cha kuchezea tu.

Mama, maziwa yakamjia yote kwa pamoja! Alishtuka yule mtoto! Wiki mbili amezoea la kwako lisilo na kitu. Akakohoa, akaachia, yakamrukia usoni mpaka kwenye nyusi. Akanitazama mimi, akalitazama, akanitazama tena. Mara akacheka kicheko kile cha tumboni, akarudi kwa mikono miwili. Amenyonya mpaka jasho limemtoka. Amelala hapa pajani, naandikia mgongoni kwake, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka.

Njoo mama. Alhamisi ni Krismasi, baba yao anatoka kazini Namtumbo keshokutwa, na nyumba bila wewe si nyumba. Ila ukifika, mpaka mwaka mpya, mume wako mbebe mgongoni tu.

Mwanao,
Mama Fulgence