Diski Nane za Duka la Baba

Machi 4

Kaka,

Shikamoo. Habari za hapo? Goti la mama je, bado linamsumbua akikaa pale mlangoni mwa duka kupokea wateja? Mimi mzima. Kazi ni nyingi, kompyuta yoyote ikikohoa ofisini ni mimi ninayeitwa.

Nina jambo moja tu, na tafadhali lisome mpaka mwisho, maana nakujua, barua zangu unasoma nusu na nusu nyingine unafungia vitu. Zile diski nane nilizowaachia kwenye kopo la biskuti, za kupakia mfumo wa kompyuta, zitolee nakala. Bila mfumo ule kompyuta ni sanduku la bati. Aliyetuuzia amefunga duka, na mashine za huku ni za aina nyingine kabisa, diski zake za mfumo hazikubali hapo. Zile nane zikiota ukungu, duka la kuchapa alilotuachia baba ndiyo basi tena, na mama anakula kutoka humo.

Ni rahisi hata kwako. Kwanza, kwenye kona ya kila diski asili kuna kidude cha plastiki. Kisukume. Hapo mashine itaisoma diski lakini haitaweza kuifuta wala kuandika juu yake. Halafu kompyuta itakuomba diski asili, iweke. Itakuomba diski tupu, toa ile, weka tupu. Ukimaliza, chukua asili ya pili, uanze upya. Usiongeze ujuzi wako wowote.

Msomee mama salamu zangu.

Mdogo wako


Machi 19

Profesa,

Marahaba. Mama mzima, goti linauma na yeye hana habari nalo. Barua yako nimemsomea yote, ametikisa kichwa na kuendelea na kushona kwake.

Eti "rahisi hata kwako"! Mtoto niliyemfuta kamasi leo ananifundisha kuingiza kitu kwenye tundu na kukitoa. Mimi nimeanza kupiga taipureta ya baba wewe hujaota meno. Kazi nimeimaliza kabla chai haijapoa. Na hiyo kompyuta yako haina akili, nikuambie ukweli. Kila nikimaliza diski inaniomba asili tena. Asili nimeshaipa! Mimi si mtu wa kubembeleza watu, sembuse sanduku. Nikawa nabonyeza tu bila kuitoa iliyomo, kisha naiwekea tupu nyingine, mpaka ikatulia.

Halafu ule mwandiko wako kwenye lebo, aibu tupu, kama kuku kapita na tope. Nimezibandua zote. Nimepiga lebo mpya kwa taipureta, herufi kubwa, mistari miwili chini, seti zote mbili sawasawa. Nakala nimezipanga kaunta, wateja wanazishika, wanasifu. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu wa kazi na mtu wa maneno. Vile vidude vyako vya kona sikuhangaika navyo, usinichekeshe.

Kaka yako, mkubwa wa nyumba


Machi 30

Bosi,

Shikamoo, ingawa leo inanitoka kwa shida. Natumaini mama hajambo. Wewe sikuulizi, mtu asiyewaza haumwi.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Mpaka ikatulia"! Kaka, umenakili diski ya kwanza, kisha ukanakili nakala yake, kisha nakala ya nakala, hadi mwisho. Una diski nane zinazosema neno lilelile, kama wewe ukiwa na hasira. Na lebo nzuri juu, hongera.

Hizo nakala ni takataka. Zitoe kaunta kabla hujazidi kumwaibisha baba kaburini. Zitie kwenye bahasha umpe dereva wa basi la Jumamosi. Diski huku hazipatikani ovyo, nitazifuta nizitumie kwa mambo ya maana. Asili zikae kwenye kopo, usiziguse. Desemba nikija likizo nitatengeneza nakala mwenyewe. Kuchagua seti ya kunitumia utaweza, au nimwombe mama?

Mdogo wako mwenye akili


Aprili 8

Profesa,

Natumaini u mzima, wewe na hao wachekaji wenzako wasio na kazi. Hapa tu wazima. Mama anasema ule vizuri, mimi nasema ule kidogo, kichwa kimeshajaa upepo.

Bahasha nilimpa dereva Jumamosi, bila shaka imeitangulia barua hii. Chukua takataka zako. Na usidhani nilibahatisha. Nilikuwa nimezitoa zote kupangusa vumbi, na lebo zinafanana, lakini macho ninayo. Seti moja ilikuwa imechubuka kingo, imepauka. Nyingine inang'aa. Sasa tumia hiyo akili yako: nakala zilikaa kaunta zikishikwashikwa na kila mtu, asili zilikuwa kwenye kopo zimetulia. Basi zilizochubuka nimekutumia, zinazong'aa nimezifungia. Unaona? Bila ofisi, bila wachekaji.

Zikifika niandikie, na uniombe radhi humohumo.

Kaka yako, mkubwa wa nyumba


Julai 2

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo kiasi. Nilikuandikia Mei, nikaandika tena Juni, kimya. Nilijua ni dharau zako, nikakasirika, nikaacha. Leo sina hasira.

Kompyuta ilikufa. Fundi alibadilisha kile cha ndani kinachotunza kumbukumbu, akasema sasa mpakie mfumo upya. Nikafungua kopo kwa madaha, mbele ya mama na yule mwalimu mkuu anayetuletea mitihani. Diski ya kwanza ikaingia. Kompyuta ikaomba ya pili, nikaipa ya pili. Ikaomba ya pili. Nikajaribu zote. Mwalimu mkuu akaanza kuokota karatasi zake.

Ndipo mama akasema, "Lete nione kona." Kumbe siku nilipomsomea barua yako ya kwanza, alisubiri nitoke, akafungua kopo, akavisukuma vidude vya asili zote kwa kucha, kwa sababu wewe ulisema visukumwe. Kwenye hizi zilizopo hakuna hata kimoja kilichosukumwa. Nilikutumia asili. Umesikia? Nimekosea, nimeandika mwenyewe, kawasomee ofisi nzima wacheke.

Mwalimu mkuu ametupa mpaka Jumatatu. Akienda kwingine hatuna mteja mwingine wa maana, na mama amesema atamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Tafadhali, mpe dereva hizo diski Jumamosi. Mama hana wasiwasi hata kidogo. Anasema tangu udogo wewe hutupi kitu. Ameshapangusa meza.

Kaka yako


Julai 5

Kaka,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake.

Dereva anakuletea barua hii peke yake. Usikung'ute bahasha, hamna kingine.

Diski zilifika kabla ya barua yako ya Aprili. Nilizifuta siku ileile. Sikufungua hata moja kuangalia, kwa kuwa ni wewe uliyezishika. Kisha barua ikaja, nikasoma lile la kuchubuka kingo, nikajua nimefuta asili. Mimi ndiye niliyezichubua, miaka yote ile nikizibeba kwenye mkoba. Sikuweza kukujibu. Nilikuwa naomba tu kompyuta isife.

Kwenye diski hizo sasa nimeweka barua zangu kwako. Huwa nazipiga kwa mashine kwanza, na zile zenye kejeli nzuri nazihifadhi, za kuwasomea wenzangu. Hii naandika kwa mkono.

Jambo la mwisho. Nilipoanza kuzifuta, mashine ilikataa. Ilisema diski imefungwa. Nikaweka nyingine, ikakataa. Nilicheka, kaka. Nilimwita wa meza ya pili nikamwambia njoo umwone kaka yangu, anafungia takataka kama dhahabu. Nikavirudisha vile vidude kimoja kimoja, kwa kucha.

Hilo la vidude usimwambie mama. Mwambie zilipotea njiani.

Mdogo wako