Tulipoambiwa Tupishe

Misunkumilo, Mpanda
14 Septemba 1956

Mdogo wangu mpenzi Krispini,

Amani ya Bwana iwe nawe. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kwenye mashamba ya mkonge, na kwamba miiba haijaimaliza mikono yako. Sisi huku hatuumwi. Shemeji yako Getrude anakusalimu. Kikohozi chake kimepungua. Shangazi Pelagia naye anakusalimu, ila salamu zake zina swali ndani, na swali hilo nitalifikia.

Barua yako ya mwezi wa Julai niliipokea. Kabla ya mengine, niruhusu nikusahihishe kama zamani. Umeandika, «nimeisha omba ruhusa». Sahihi ni «nimekwisha kuomba ruhusa». Kitenzi hakikatwi mkia kama mjusi. Najua utacheka na kusema kwamba kaka Venansi hatabadilika. Cheka sasa, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Uliniuliza kama nimekwisha kufyeka kile kiwanja kilicho kando ya kaburi la mama, ili ukija baada ya Noeli uanze kujenga. Nimeanza kukujibu mara tatu, na mara tatu nimeichana karatasi. Krispini, kiwanja sikukifyeka. Kasokela haipo tena. Nyumba zimechomwa, watu wote wameletwa hapa pembeni mwa mji wa Mpanda, na anayeonekana kule bila kibali hukamatwa.

Nitakueleza kwa utaratibu.

Mwezi wa Aprili alikuja yule ofisa wa wanyama wa porini ambaye watu wote humwita Bwana Nyama. Alifuatana na mzungu mmoja wa kampuni ya uwindaji kutoka Arusha, mtu mwenye shingo nyekundu, aliyekuwa akijipangusa kwa kitambaa kila alipomaliza kushikana mkono na mmoja wetu. Tulikusanyika mbele ya nyumba ya mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, Mzee Melkior. Bwana Nyama alijaribu kusema Kiswahili mwenyewe, akasema, «Mimi nataka nyinyi kusikia maneno hii mzuri.» Nilifumba macho kwa uchungu. Halafu akanipa karatasi yake ya Kiingereza, akaniomba mimi, mwalimu wa misheni kwa miaka ishirini na miwili, niisome kwa lugha ya watu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nchi yetu ina watu wachache na wanyama wengi, na huko ng'ambo wako matajiri wanaotamani kuwaona na kuwawinda wanyama hao. Hawatakuja wengi, maana wengi huharibu. Watakuja wachache, wenye mali nyingi, wanne au watano kwa safari moja. Watapiga wanyama wachache tu, ili wengine wabaki wazaliane, na kila mwaka wageni warudi, mpaka wakati wa wajukuu wetu. Sisi tutapata zahanati, tutapata kazi, na nyama ya kila mnyama atakayepigwa itakuwa yetu. Nasema kweli, mpango ulinipendeza. Nilikwisha kuona wawindaji wa ovyo wakimaliza pofu wa uwanda wote, na hapa palikuwa na mtu anayesema juu ya kiasi.

Mwisho nikasoma kwamba watu wa Kasokela watawapisha wageni.

Watu walifurahi, maana nani atakataa kumpisha mgeni? Ukikutana na mtu mwenye mzigo njiani unasogea majanini, anapita, unamtakia heri. Ni shangazi Pelagia peke yake aliyesimama, akauliza, «Tunapisha mpaka lini?» Fabiani wa mizinga ya nyuki, unamjua kwa mdomo wake, akamwambia, «Shangazi, leo unaona taabu kupisha, na wewe kila siku unasimama katikati ya njia unasalimu watu mpaka ng'ombe wanakuzunguka!» Mkutano ukaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Alimjibu kwamba yeye akipisha hurudi njiani, na ndiyo maana anauliza. Halafu akanigeukia mimi, wala si Bwana Nyama. Nikamjibu, «Mpaka wapite, shangazi.»

Akaketi. Aliniamini, kwa kuwa nilikuwa mwalimu.

Mwezi wa Juni, tulipokwisha kuvuna ulezi, malori yakaja. Watu wakapanda kwa nyimbo, kama waendao arusini. Shangazi alifunga mzigo mmoja tu, akatundika kibuyu cha mbegu zake begani, akaufunga mlango wake kwa kamba ili mbuzi wasiingie. Siku ya tatu nyumba zikachomwa moto. Mimi niliuona moshi, kwa maana sikupanda lori. Nilibaki kule Kasokela, katika kambi ya wageni. Walikuwa wamenifanya mkalimani, nikapewa kiti na meza chini ya turubali.

Sasa nikueleze nilichokiona nikiwa katika kiti hicho, na unisamehe ikiwa maneno yangu yatanuka.

Wageni hao huoga mara mbili kwa siku ndani ya karai kubwa la turubali, na maji huchotwa mtoni na wanawake wa kwetu waliopewa kibarua, ambao zamani walikuwa wakilima pale pale. Maji yakimwagwa mbali na hema hakuna neno; yakimwagwa karibu, mwanamke hukemewa kama mbwa. Chakula chao hutoka katika makopo, na kilichobaki hufukiwa shimoni, ili wapagazi wasizoee. Nililiuliza neno hilo mara mbili nikidhani sikulisikia vizuri. Ndilo hilo: wasizoee. Bibi mmoja alikuwa akijifunika pua kila tulipopita, naye asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshikilia kichwa cha simba kilichooza nusu, akitabasamu ili apigwe picha.

Mwezi wa Julai wageni walisema wamechoka kuona wanyama tu. Wanataka kuona kijiji. Ndiyo, Krispini. Walikwisha kukichoma kijiji, wakaulizia kijiji. Basi kampuni ikajenga vibanda vitatu vya nyasi kando ya mto, vibanda ambavyo mtu wa kwetu asingefungia hata kuku, ikawaleta watu sita kwa lori kutoka huku Misunkumilo ili wakae humo mchana. Mzee Melkior, aliyebatizwa kabla yangu, mtu asiyetoka nje bila kaptula yake ya kaki na rozari, alivishwa ngozi ya mbuzi akawekwa mlangoni. Siku ya kwanza alikaa kama tulivyozoea kumwona, miguu ameikunja, anasuka kamba. Wakamwambia sivyo, asimame, ashike mkuki. Jioni aliniambia, «Mwalimu, napewa posho ili niwe Melkior, na bado wananiambia nakosea.» Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka naye. Siku hizi kicheko hicho kinanirudia kooni kama nyongo.

Hata hapo sikuondoka. Niliendelea kukaa katika kiti.

Mwezi wa Agosti mto ulikauka kama kawaida, viboko wakajazana katika lile dimbwi la chini ya mkuyu, wamelaliana matopeni. Kumpiga kiboko wakati huo ni sawa na kumpiga mgonjwa kitandani, na baba alitukataza hata kuwatupia mawe. Wageni walipiga watano kwa asubuhi moja. Dume mmoja walimtaka kwa ajili ya meno yake. Wengine wanne walipigwa kwa sababu mgeni alitaka kujaribu bunduki mpya. Nilimkumbusha Bwana Nyama juu ya kiasi. Akasema kwamba mgeni huyu amekuja kutoka mbali sana. Nikamkumbusha juu ya nyama ya watu. Akasema kwamba watu sasa wako mbali, na lori lina kazi nyingine.

Siku ya nne harufu ikafika mahemani. Wageni wakalalamika kwamba hawawezi kula. Nikaagizwa niwaambie wapagazi waikokote mizoga hiyo hadi mahali ambapo upepo hautairudisha. Mzungu wa shingo nyekundu akanyoosha kidole, nami nikatafsiri: kule kwenye mahame, penye ua wa minyaa.

Ua wa minyaa ni ule tuliopanda mimi na wewe mwaka aliokufa mama.

Nilikwenda jioni peke yangu. Sitakuandikia yote. Msalaba wa mninga uliochonga wewe ulikuwa umelala, umevunjwa na kamba za kukokotea, na juu ya kaburi palikuwa na tumbo la kiboko lililopasuka, linachemka funza. Tumbusi walikuwa wameshiba hata hawakuweza kuruka. Walinipisha kwa miguu, polepole, mmoja mmoja, na mara nilipokwisha kupita wakarudi mahali pao. Nilitapika, Krispini. Nilitapika nyama ya kopo niliyokula mchana mezani pao, maana mimi walinipa. Mimi walikuwa wameniruhusu kuzoea. Nilifukia nilichoweza kwa jembe la kuokota, nikausimika msalaba tena, nikatoka kambini bila kuaga.

Huku nimekuta hivi. Shamba amegawiwa kila mwenye nyumba, lakini wengi hawajakata hata mti mmoja. Wanangoja. Shangazi Pelagia hajaufungua mzigo wake tangu Juni; ameuegemeza mlangoni, na kibuyu cha mbegu kinaning'inia juu yake. Ukimwambia alime, anakujibu kwamba mtu aliyesogea majanini hajengi pale majanini. Watu wanamfuata yeye. Fabiani alitoroka kwenda kuiangalia mizinga aliyoachiwa na baba yake. Askari wa pori walimkuta na mwenge wa kufukuzia nyuki, wakamkamata, akahukumiwa miezi minne kama jangili. Barazani aliulizwa alikwenda kufanya nini kule. Akajibu, «Nilikwenda kuona kama wamekwisha kupita.» Nimeambiwa waliokuwapo walicheka.

Na sasa mvua ziko karibu. Zikianza Novemba na mashamba hayajafyekwa, watu hawa watakula nini mwakani?

Nimefika mahali ambapo mara tatu niliichana karatasi. Leo sitaichana.

Karatasi ya Bwana Nyama haikuwa na neno kupisha. Neno lililokuwapo pale nalijua vizuri. Maana yake ni kuhamishwa, na baada yake lilifuata jingine lenye maana ya daima. Watu wa Kasokela watahamishwa daima. Hakuna mtu aliyenidanganya. Kabla ya mkutano Bwana Nyama aliniita pembeni, akasema kwamba hataki fujo, na kwamba katika wilaya nzima hajasikia mtu mwenye Kiswahili kama changu. Akaongeza kwamba bila shaka nitapata neno lililo laini. Hakunipa kitu, wala sikuomba kitu. Alinisifu tu. Nikakaa usiku mmoja nikitafuta neno, nikalipata, nikalifurahia kama mtoto aliyeokota ushanga. Nilijiambia kwamba si uongo, maana kupisha na kuhama hukaribiana. Nilijiambia kwamba ni ufasaha.

Miaka ishirini na miwili nilichapa watoto wa watu vidole kwa kukosea kiambishi kimoja. Na shangazi aliponiuliza mpaka lini, lilikuwa swali la sarufi, swali sahihi kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Kitendo hiki kina mwisho au hakina? Nikamjibu kwamba kina mwisho, nami nilikwisha kusoma kwamba hakina. Nawachukia wale watu wa mahemani, Krispini, na nitakufa nikiwachukia. Lakini wao hawajui neno moja la Kiswahili. Aliyewatoa watu wetu kwao kwa nyimbo ni mimi.

Basi nakuomba. Ukishuka treni Mpanda, usiifuate njia ya Kasokela. Njoo moja kwa moja hapa Misunkumilo, uliza nyumba ya mwalimu. Ukiona huwezi kulala chini ya paa langu, Mzee Melkior amesema atakupokea. Sitakulaumu.

Kesho asubuhi nitaipeleka barua hii posta ya Kashaulili. Lakini leo hii, jua likiwa bado juu, nitakwenda kwanza kwa shangazi, kwa sababu kila asubuhi anatuma mtu kuniuliza kama wamepita, na asubuhi ya leo alikuja mwenyewe. Akaniagiza nikuulize na wewe uliyesafiri mbali, pengine umekutana nao njiani wakirudi kwao. Hilo ndilo swali lililo ndani ya salamu zake. Usimjibu. Nitamjibu mimi, na watu wote wasikie, ili mapanga ya kufyekea yashikwe kabla ya mvua. Nimetafuta jinsi ya kumwambia, na mara mbili ulimi wangu umeniletea neno laini, nikalitema. Nitamwambia, «Shangazi, hawapiti.» Maneno ni mawili tu, wala hayana kosa.

Getrude anasema ujifunike vizuri wakati wa umande. Wasalimu wenzako wa kambini waliotoka huku kwetu. Mungu akulinde mpaka tuonane, kama utapenda tuonane.

Ni mimi kaka yako, niliyelijua neno lililo sahihi,

Venansi