Nimemwozesha Mhunzi kwa Mfalme, na Ijumaa Mke Wangu Anafunguliwa Macho

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, najua gazeti lenu linatoka Jumatano na barua ni nyingi, lakini nakusihi unipenyeze popote, hata pembeni karibu na matangazo ya viwanja, maana nimekaliwa kooni na sina wa kumwambia.

Mimi ni msoma mita za maji, huu ni mwaka wa kumi na nne, kazi yangu ni kuinama, kufunua kifuniko, kufuta tope, kuandika ninachokiona na kuondoka, na hakuna mteja aliyewahi kunishitaki kwa kuandika kisichokuwepo, nakuambia haya ili ujue kwamba uongo si desturi yangu, umenikuta ukubwani. Mke wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, nusu ya mageti ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake, na karibu wiki tatu zilizopita vipande vya chuma vilimrukia machoni siku ambayo miwani yake ya kazi alikuwa amemwazima mwenzake, akafanyiwa operesheni, macho yote mawili yakafungwa bendeji, na daktari akatoa masharti mawili, asiiname na asilie. Hilo la kulia alilisema kwa kunyoosha kidole, akasema kilio kimoja kinaweza kuharibu kazi yote.

Sasa mke wangu ana ugonjwa mwingine wa zamani, nao ni vitabu vya Mhunzi. Kama huvijui, ni vitabu sita vinene vya nchi ya majoka, na shujaa wake ni Mhunzi mwenye ndevu za moto, mtu wa makamo, mkali, mpweke, anayefua funguo za kufungia milango ya kuzimu, na mke wangu anampenda kwa sababu, kwa maneno yake, ndiye shujaa pekee anayerudi nyumbani mikono ikinuka chuma. Mwisho wa kitabu cha sita Mhunzi anajitumbukiza kwenye tanuri akiwa amelikumbatia joka la mwisho, wanateketea wote wawili, na alipoisoma sehemu hiyo mke wangu hakwenda kazini siku mbili, akaapa kwamba kikitoka kitabu kingine na Mhunzi hayumo, atakirudisha dukani wakafungie misumari.

Kitabu cha saba kikatoka wiki ileile ya operesheni, nami kwa kutaka kumfurahisha nikakinunua bila kukifungua, nikamwambia nitamsomea, nikavuta kigoda karibu na kitanda, nikafungua, na ukurasa wa kwanza tu nikaona kwamba Mhunzi kafa kweli, hana hata mzimu, na shujaa mpya ni msichana wa miaka kumi na saba, msusi wa ikulu, jina la utani Kiroboto kwa kuwa ni mdogo na hatulii. Mke wangu akauliza, "Yumo?" Nikatazama zile bendeji, nikaona kidevu kinaanza kutetemeka, nikakumbuka kile kidole cha daktari, nikasema, "Yumo."

Basi kila siku saa kumi jioni nikitoka kazini nakaa kwenye kigoda, nasoma, na kila penye Kiroboto nasema Mhunzi. Sura tatu za mwanzo zilipita salama, maana ni mambo ya kukimbia, kuruka ukuta na kujificha kwenye pipa, na hayo mtu yeyote anafanya. Sura ya nne Mhunzi akaingia chumbani kwa malkia kumsuka. Mama mkwe wangu, ambaye amekuja kumuuguza bintiye na hukaa mlangoni akikunja nguo, akauliza, "Baba, huyo bwana wa nyundo naye anasuka?"

Nikasema, "Mama, anasuka waya."

"Kichwani mwa malkia?"

Nikasema ni taji la waya. Mke wangu akasema, "Mwache asome, Mama, chuma ni chuma tu."

Sura ya sita nikateleza, nilikuwa nimechoka, siku hiyo nilisoma mita mia na tisini, ulimi ukasema Kiroboto, na mke wangu akadaka palepale, "Kiroboto ndiye nani?" Nikasema ni mbuzi wa Mhunzi. Tangu hapo nina mbuzi, mshauri, na mbuzi huyo hayumo kitabuni, lakini mke wangu humuulizia kila sura, mbuzi amekula, mbuzi amelala wapi, Mhunzi alipovuka mto mbuzi alivukaje, mpaka ikabidi nimfundishe kuogelea.

Lakini sura ya tisa ndiyo iliyonimaliza, maana humo Kiroboto anaolewa na mfalme kijana wa kaskazini ili kuzuia vita. Hatari niliiona kwa mbali, nikajaribu kumgeuza yule mfalme awe malkia, kumbe nilishamtaja sura mbili nyuma, na mama mkwe, ambaye husahau alipoweka miwani yake kila asubuhi lakini sharubu za watu hazisahau, akasema, "Si ndiye yule mwenye sharubu?" Nikakwama, nikasoma kama ilivyoandikwa. Mhunzi akaogeshwa kwa maziwa, Mhunzi akavalishwa shela, Mhunzi akalia begani kwa mama yake, mbuzi akashika pindo, Mhunzi akaolewa. Mke wangu akauliza shela ilikuwa ya rangi gani, nikasema nyeupe. Akauliza, na zile ndevu za moto hazikuiunguza? Nikasema zilifungwa kitambaa kibichi. Akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika, nikajua nimemliza na macho yameharibika, nikanyanyuka kwenda kumpigia daktari, lakini akasema ni kikohozi, akaniomba niirudie sura hiyohiyo kesho yake, na keshokutwa.

Utasema hiki ni kichekesho, lakini ngoja nikuambie linaloninyima raha. Siku ya tatu ya bendeji mteja wa mke wangu alipiga simu kughairi kazi ya geti, mama mkwe akamficha habari hiyo ili asihuzunike, na alipokuja kujua akatuita wote wawili, akaketi wima kitandani, akasema, "Macho yangu yamefungwa, sawa. Lakini mkianza kunichagulia cha kujua na cha kutojua, mtakuwa mmenifunga na kichwa. Hilo sitalisamehe." Mshauri, siku hiyo nilikuwa sura ya pili. Ningeweza kusema palepale. Sikusema.

Sasa Ijumaa asubuhi anafunguliwa, na ameshatangaza kwamba kitu cha kwanza atakachosoma kwa macho yake ni sura ya tisa. Kwa hiyo nimeanza kukisahihisha kitabu. Kila saa ya chakula cha mchana najifungia kwenye stoo ya mita mbovu, nafuta Kiroboto kwa wino mweupe, naandika Mhunzi kwa kalamu, nimefika ukurasa wa sitini na moja kati ya mia nne na kumi na mbili, na bado sijaanza kumwingiza mbuzi. Nimewaza pia kukidondosha kwenye tangi, mimi ni mtu wa maji, ajali ya maji haitashangaza mtu. Na jambo jingine linanichoma, naona aibu kulisema, ni kwamba mimi mwenyewe nimempenda Kiroboto. Nikiwa peke yangu stoo namsoma kwa jina lake, ni mjanja, ni mwoga lakini anakwenda hivyohivyo, na inaniuma nikifika nyumbani kumfanya mbuzi.

Je, nimalize kusahihisha, nikizamishe, au niseme? Nampenda mke wangu, na sitaki kitu cha kwanza atakachokiona Ijumaa kiwe ni mume mwongo.

Ni mimi,
Mume wa Fundi

*

Mume wa Fundi,

Kabla ya yote, mimi nilikuwa kitabu cha tano. Nakisoma kidogokidogo baada ya kazi ili kisiishe upesi, na wewe umenitumbukizia Mhunzi tanurini katikati ya barua bila hata kubisha hodi. Nimeiweka barua yako mezani, nimetoka nje, nimezunguka jengo mara mbili, nimerudi. Sasa tuzungumze.

Lile "Yumo" nakusamehe. Mtu yeyote mwenye moyo, akikiona kidevu cha mwenzake kinatetemeka na daktari amekataza machozi, angesema yumo. Lilikuwa neno la dakika moja na ungelifuta kwa dakika moja. Wewe ukalijengea nyumba, ukaezeka, ukafuga na mbuzi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakukutana na mtu mwenye kurasa mia nne na kumi na mbili na chupa ya wino mweupe.

Kalamu iweke chini sasa hivi. Ukurasa wa sitini na moja ni mbali vya kutosha kwa mtu mzima. Na tangi usilisogelee. Mwanamke anayejua kwa sauti tu kama chuma kimeshika au hakijashika hatashindwa kutofautisha kitabu kilichoanguka na kitabu kilichoangushwa.

Halafu nikuulize, unaamini kweli kwamba hajui? Mtu anayelia haombi asomewe tena sura ileile siku mbili mfululizo. Anayeuliza mbuzi alivukaje mto hana haja na mbuzi, anataka kuona wewe utavukaje. Mabega yale yalikuwa yanacheka, bwana, na kile kikohozi hakikuhitaji dawa. Nadhani amejua tangu kwenye taji la waya, na huyo mama mkwe wako naye simwamini hata kidogo.

Lakini usianze kushusha pumzi. Kwanza, huenda nimekosea, maana mimi nina barua tu na sikuwepo chumbani. Pili, hata kama anajua, kujua si kusamehe. Alikuombeni jambo moja, moja tu, akiwa ameketi wima kitandani na haoni, na kesho yake saa kumi wewe ukafungua kitabu ukaendelea. Anakucheka, ndiyo, lakini kila jioni pia anangoja uone haya. Umemngojesha muda mrefu.

Na kuna kosa ambalo hujaliona mwenyewe. Unasema umempenda Kiroboto. Wewe uliyemnunulia mkeo kitabu kama zawadi, ukajifungia stoo na shujaa mzuri ukamfaidi peke yako, mkeo ukampa mbuzi. Ulijuaje kwamba hatampenda? Kwa sababu aliapa? Sisi wasomaji tunaapa sana. Akifa mtu wetu tunanuna, tunatishia kurudisha vitabu madukani, tunamtazama mgeni kama mpangaji aliyekuja na kuku, na tukifika sura ya tatu tunaanza kuogopa asije akaumia. Wengine kweli hawarudi, wanabaki na wafu wao, na hiyo ni haki yao. Hilo ni la mkeo kuamua, na wewe umemwamulia. Hicho ndicho alichokukataza.

Sasa fanya hivi. Mpigie daktari asubuhi hii umuulize kama mgonjwa wako anaruhusiwa kulia. Swali hilo ulipaswa kuuliza wiki ya kwanza badala ya kutishwa na kidole. Kisha pita dukani uchukue nakala safi ya kitabu, maana hiyo uliyoichafua haisomeki tena.

Nilitaka nikupe mpaka Alhamisi, nikakumbuka kwamba umeandika gazetini. Ulidhani ukurasa huu husomwa na nani? Leo ni Jumatano, na kama mama mkwe wako ameshaipata miwani, huenda anamsomea mkeo barua yako wakati wewe umeinama kwenye mita ya mtu. Kwa hiyo usingoje saa kumi. Omba ruhusa kazini, nenda nyumbani mara ukimaliza mstari wa mwisho. Ni lazima iwe kabla ya Ijumaa. Akishafunguliwa macho utakuwa umekamatwa, na aliyekamatwa hata akisema kweli huonekana anajitetea. Sema sasa, wakati bado unaweza kumdanganya siku mbili zaidi, ili ajue kwamba ulikuwa na nafasi hiyo na umeiacha.

Ukifika, mwombe mama mkwe awapishe kidogo. Atakataa, mwache akae, naye ana lake la ile simu. Usianze na mbuzi na usitafute kuchekesha, hata kama yeye atacheka. Anza na yale maneno yake: kwamba alisema asichaguliwe cha kujua, na wewe ukamchagulia, na ukajua unafanya hivyo. Kisha mwambie kwamba Mhunzi hayumo. Kisha mwambie yupo nani, kwa jina lake, na jinsi ulivyompenda. Mpe kile kitabu kipya mkononi akishike mwenyewe.

Akikuuliza kwa nini, daktari umwache nje ya mazungumzo. Ulimwogopa mkeo akiwa na huzuni, hukujua utamfanyia nini, ukaona ni rahisi kumzuia asihuzunike. Hilo ndilo jibu, na ni la aibu, na ulitoe lote. Halafu nyamaza. Huenda akakaa kimya kwa muda mrefu, na wewe siku hizi ukiona kimya unakijaza hadithi. Safari hii usikijaze. Kaa hapo umngoje.